Simu ya upepo ya kompyuta: habari za Norman Abramson wa Hawaii

Nilipokuwa mdogo Mkoani, Pemba, ami yangu ndie alokuwa mshika simu ya upepo, ile ya redio, ofisini kwao. Ofisi yenyewe ilikuwa hatua chache tu na nyumba, na jioni tukimpelekea chai tukikaa chini ya dirisha kumsikiliza akiita, Wete, Wete, Mkoani hapa, unanipata, ova. Halafu upepo, kshhhh, halafu inatoka sauti ya mtu kama yumo ndani ya pipa. Sasa kuna wakati watu wawili wanaita kwa pamoja, mmoja yuko Wete na mmoja yuko Unguja, hapo husikii neno hata moja, ni mluzi na mkwaruzo mtupu, na ami anaiweka maiki mezani, anatulia, kisha anaanza upya kama hakuna lilotokea.

Nimemkumbuka sana wiki hii kwa sababu ya swali la mwanafunzi. Nasomesha kompyuta skuli moja hapa Chake Chake, na juzi katikati ya somo la mitandao msichana mmoja wa form tuu akanyoosha mkono akauliza, mwalimu, simu zote hizi za Chake zinapita kwenye hewa hii hii moja, mbona hazigombani? Nikamwambia zinagombana, zinagombana kila sekunde, na yupo bwana mmoja aliyekaa kwenye kisiwa kama sie akazifundisha zikigombana zifanye nini. Darasa zima likanyamaza. Kengele ikalia. Kwa hio haya nnayoandika hapa kwanza ni jibu la yule msichana, na pili ni kwa sababu jina la mtu huyu silisikii likitajwa ilhali kila mmoja wetu anatembea na kazi yake mfukoni.

Anaitwa Norman Abramson. Kazaliwa Boston, Marekani, 1932, kasoma fizikia Harvard, akenda Los Angeles kuchukua masters, halafu udaktari wa uhandisi wa umeme Stanford akaumaliza 1958, akabaki hapo hapo kusomesha. Mpaka hapo ni maisha ya msomi yeyote wa kule. Kilichombadilishia njia ni bahari. Alikuwa anarudi safari ya Tokyo, akapitia Hawaii, akakodi ubao wa kuteleza juu ya mawimbi pale Waikiki, na basi, moyo ukabaki kule. Mwaka 1966 akahamia moja kwa moja kusomesha Chuo Kikuu cha Hawaii. Mie siwezi kumlaumu hata kidogo, mtu akishaizoea bahari bara inambana kifua.

Sasa fikirieni hali aliyoikuta. Chuo kikubwa kiko Manoa, kisiwa cha Oahu, na hapo ndo ilipo kompyuta kubwa ya chuo, IBM 360/65, dude la kujaza chumba zima. Matawi mengine ya chuo yametawanyika, mengine hapo hapo Oahu, mengine Kauai, Maui, na jengine Hilo kwenye kile kisiwa kikubwa ambacho kutoka Honolulu ni zaidi ya kilomita 300 za bahari. Sie Unguja na Pemba tumetenganishwa na kama kilomita 50 tu na tunajua dhiki yake. Kila tawi linataka kuitumia ile kompyuta moja. Njia ya wakati ule ilikuwa ukodi laini ya simu, na laini za Hawaii zilikuwa ghali na mbovu, data inafika imetobokatoboka.

Hapa pana jambo dogo ambalo yeye na wenzake waliliona na ndo msingi wa kila kitu, kwa hio nisomeni taratibu. Laini ya simu imetengenezwa kwa ajili ya watu kuzungumza. Mkishaungwa, laini yote ni yenu mpaka mkate, mseme msiseme. Lakini mtu aliyekaa mbele ya kompyuta hazungumzi hivyo, anaandika mstari mmoja, anabonyeza, anangoja, anakuna kichwa, anakunywa kahawa, halafu anaandika mwengine. Katika saa nzima ya kukaa pale kile alichokituma kweli kweli hakifiki hata dakika moja. Kumpa mtu kama huyu laini yake peke yake ni sawa na kukodi boti zima kutoka Malindi mpaka Mkoani kubeba bahasha.

Mradi wakauanza Septemba 1968, na miongoni mwa waliotoa pesa ni ARPA, ile idara ya utafiti ya jeshi la Marekani ambayo ndo iliyojenga ARPANET, bibi yake intaneti. Abramson hakuwa peke yake, walikuwepo Franklin Kuo, Richard Binder na wengine, na wanafunzi wao waliokuwa wakichomelea mabodi kwa mikono. Wakaamua waachane na waya kabisa, watumie redio. Yani simu ya upepo, lakini kwa kompyuta.

Redio ina tabu yake lakini, na ami yangu angekwambia bila ya digrii yoyote: chaneli moja, wakisema wawili kwa pamoja hasikiki hata mmoja. Wahandisi walikuwa na dawa mbili za maradhi haya. Ya kwanza kila mtu umpe chaneli yake, lakini hapo umerudi kule kule kwenye boti zima kwa bahasha moja. Ya pili ni zamu, kompyuta kubwa iwe kama mwalimu anayeita majina, Kauai una kitu? hapana, Maui una kitu? hapana, Hilo? Na wakati wote unakwisha kwa kuwauliza watu wasiokuwa na la kusema.

Abramson akaziacha zote mbili. Akasema kila mtu atume anapotaka. Usiombe ruhusa, usingoje zamu. Ukiwa na la kusema lifunge kwenye paketi, yani kifurushi kidogo cha data, na ulirushe. Kompyuta ya Manoa ikilipata zima itakujibu, nimelipata. Usipopata jibu basi jua umegongana na mwenzio hewani, sasa tulia kidogo, halafu rusha tena.

Ndo hivyo tu, na nikiwaeleza wanafunzi wanasubiri niendelee. Hakuna zaidi! Na wakati ule watu walivyokuwa wamezoea mitambo ya simu iliyopangika kila kitu mahala pake, kumwambia mhandisi kwamba tutaacha data zigongane makusudi ilikuwa kama kumwambia nahodha aingie bandarini usiku bila taa.

Ujanja umo kwenye lile neno "kidogo". Kidogo ni muda gani? Mkigongana wawili na wote mkangoja sekunde moja, basi baada ya sekunde moja mtagongana tena, na tena, mpaka asubuhi. Anaejua vichochoro vya Mji Mkongwe ashayaona haya, unakutana na mtu uso kwa uso, wewe unampisha kulia kwako na yeye anahamia upande ule ule, mnarudi kushoto nyote wawili, mnabaki mnachekeana. Dawa ni kila mmoja angoje muda wa bahati nasibu, huyu kidogo, yule kidogo zaidi, bila ya kupatana. Mmoja lazima atatangulia. Mitambo miwili isiyojuana wala kuonana inapishana kwa bahati nasibu tu, bila ya msimamizi. Mie hili kila nikilifikiria naona uzuri wake upya.

Ikaanza kufanya kazi Juni 1971 na wakaiita ALOHAnet, aloha ni ile salamu ya kwao ya kukaribisha na kuaga. Masafa ya redio yalikuwa mawili, la kupandia 407.350 MHz ambalo ndo la wote kugombania, na la kushukia 413.475 MHz ambalo Manoa inajibia, hilo halina ugomvi kwa sababu anaesema ni mmoja tu. Kasi bit 9,600 kwa sekunde, na bit moja ni sifuri au moja tu, tone dogo kabisa la data. Paketi nzima haizidi bit 704, herufi 80 pamoja na anuani na alama za kukagulia kama imefika salama, kwa hio paketi moja inakaa hewani chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ndo mana migongano haikuwa mingi, kila mtu anapita mbio na kuondoka. Terminali za mwanzo, yani zile mashine za kuandikia za watumiaji, zilikuwa hapo Oahu, visiwa vengine vikafikiwa kwa vituo vya kurushia mawimbi upya.

Kile kikompyuta cha Hewlett-Packard kilichokaa mlangoni Manoa kupokea paketi zote wakakiita Menehune. Hili jina nalipenda sana. Kwenye ARPANET mashine ya kazi kama hio ikiitwa IMP, ni herufi za mwanzo za jina refu lakini kwa Kiingereza neno hilo hilo ni kijishetani kidogo, sasa watu wa Hawaii wakatia chao, menehune katika hadithi zao ni watu wafupi wafupi wanaofanya kazi usiku watu wamelala. Tungeijenga sie Pemba ingeitwa Kibwengo na hakuna angeuliza kwa nini.

Nisiwafiche lakini, njia hii ina gharama, na alieikokotoa ni yeye mwenyewe na akaichapisha wazi tokea 1970. Ukiwaacha watu watume ovyo namna hii, chaneli hata uijaze vipi haifanyi kazi ya maana zaidi ya asilimia 18 hivi. Ikizidi hapo ndo migongano inazaa migongano, kila mtu anarudia na hakuna anaefika. Mwaka 1972 Larry Roberts, yule bwana aliyesimamia ujenzi wa ARPANET, akatoa marekebisho madogo, akasema paketi zisianze wakati wowote, zianze kwenye mapigo maalum ya saa, tik, tik, tik. Hapo paketi mbili ama zinagongana kamili ama hazigusani, zile za kukanyagana mikia hazipo tena, na asilimia ikapanda mara mbili, ikawa kama 37.

Hili nimelifanya darasani. Wanafunzi kumi wamefumba macho, kila mmoja ana jina la tunda la kulitaja, na mmoja mbele ndie Manoa, akilisikia vizuri tunda analirudia kwa sauti. Waliposema ovyo ilikuwa ni makelele, shokishoki limemezwa na fenesi, doriani limekatwa katikati. Nikaanza kupiga meza kwa mdundo, nikawaambia mtu asianze ila kwenye mdundo, na ukikosa jibu ngoja midundo unayoitaka wewe mwenyewe. Palepale matunda yakaanza kutoka mazima. Yule msichana wa swali alikuwa ndie Manoa, na alikuwa anacheka kwa furaha kila likifika jina.

Kuna kisa cha huyo huyo Roberts ambacho Abramson alikihadithia mwenyewe baadae. Alikuwa ofisini kwa Roberts, wanazungumza habari za kuiunga Hawaii na ARPANET, na ubaoni pana orodha ya pahala ambapo mashine za IMP zitapelekwa na tarehe zake. Roberts akatolewa nje mara moja kwa shughuli. Abramson akainuka, akachukua chaki, akaandika ALOHA katikati ya orodha na pembeni akatia 17 Disemba, tarehe aliyoichagua tu. Roberts akarudi, wakaendelea na mazungumzo, jambo likasahaulika. Mwanzoni mwa Disemba 1972 Hawaii ikapigiwa simu, jamani mko tayari? Mashine inakuja tarehe 17. Na kweli ikaja, Hawaii ikaungwa kwa setilaiti, na ikawa ndo mara ya kwanza ARPANET kuvuka kwa njia ya setilaiti.

Mie kisa hichi nimekifikiria sana, mana watu wa visiwani tunajua ilivyo kungoja kuandikwa kwenye orodha. Waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja tokea 1879, jengo lenyewe liko Shangani mpaka leo limekuwa hoteli, lakini ulikuja kwa sababu ya meli na biashara za wakubwa waliokuwa wakipita. Kisiwa ambacho hakiko njiani mwa mtu huwa kinangoja. Abramson hakungoja.

Kazi yake ikasafiri zaidi yake. Kijana mmoja wa Harvard, Bob Metcalfe, alikuwa amekataliwa thesis yake, ule utafiti wa udaktari, kwa kukosa hesabu za kutosha, akaisoma ile karatasi ya ALOHA na kuna pahala hakuridhika napo, hesabu zilichukulia kwamba mtu ataendelea kuandika tu hata kama hajajibiwa, na watu hawako hivyo, mtu asipojibiwa anangoja. Akazirekebisha hesabu, akenda mpaka Hawaii kukaa na kina Abramson, akazitia kwenye thesis, ikapita. Halafu 22 Mei 1973 pale kampuni ya Xerox akaandika waraka wa mtandao wa kuunga kompyuta ofisini kwa waya mmoja, ambao kabla ya jina jipya ukiitwa Alto Aloha Network. Jina jipya ndo Ethernet. Alichoongeza ni adabu ya masikio: kabla hujasema sikiliza kwanza kama kuna anaesema, na ukisikia mmegongana nyamaza hapo hapo usimalize. Mule kwenye waifai imo damu hio hio, kusikiliza, kungoja kwa bahati nasibu, kurudia. Metcalfe alipewa Tuzo ya Turing, ile tuzo kubwa ya elimu ya kompyuta, ya mwaka 2022, na anastahiki, lakini mie ningependa vijana wetu wayajue majina yote mawili.

Na simu za mkononi? Hapa ndo nnapomjibu yule mwanafunzi wangu sawasawa. Unapobonyeza kumpigia mtu, mnara haujui kwamba una haja. Hauwezi kukupa chaneli kwa sababu hujaomba, na huwezi kuomba kwenye chaneli yako kwa sababu huna. Kwa hio kitu cha mwanzo kabisa simu inachofanya ni kurusha kipaketi kifupi mno kwenye njia ambayo simu zote za chini ya mnara ule zinaitumia kwa pamoja, na ikikosa jibu inangoja muda wa bahati nasibu inarusha tena. Hio ni ALOHA, ile ya mapigo ya saa. Imo kwenye simu za tochi na imo kwenye hizi za kisasa pia. Usiku wa mwezi kuandama, Idd imetangazwa na kila mtu anampigia mamaake saa ile ile moja, simu inakaa kimya sekunde kadhaa kabla ya kulia, moja ya pahala panapojaa ni pale mlangoni, vipaketi vinagongana vinarudia, vinagongana vinarudia.

Abramson aliacha kusomesha Hawaii 1994, akenda San Francisco kuanzisha kampuni akaiita Aloha Networks, akaendelea na mambo yale yale. Mwaka 2007 akapewa nishani ya Alexander Graham Bell ya chama cha wahandisi wa umeme, IEEE. Oktoba 2020 chama hicho hicho kikaitambua ALOHAnet kuwa ni alama katika historia ya uhandisi. Yeye akafariki Disemba mosi mwaka ule ule, San Francisco, umri wake miaka 88. Nimefurahi kwamba ile heshima ilimkuta hai.

Juzi usiku nikampigia ami. Sasa ni mtu mzima sana, masikio yamepungua, lazima upige kelele. Nikamsalimia, shikamoo ami, marahaba mwanangu, habari za huko Chake, nikamuhadithia habari yote hii ya Hawaii na zile kompyuta zinazogongana na kungoja kila moja muda wake. Akanisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata. Nikamuuliza, ami, nyie mkigongana hewani mlikuwa mnafanyaje?

Akasema, tunanyamaza.

Nikamwambia sawa ami, lakini nani alikuwa anaanza?

Akafikiri. Akasema yule wa Wete hakuwa na subira, akivuta pumzi mbili tu ashaanza kuita. Yule wa Unguja alikuwa mtu wa kutulia, mpaka uje uanze kujiuliza kama yupo. Na mie, akasema, mie nilikuwa nakunywa funda moja la chai halafu ndo nashika maiki, na ile chai alikuwa anaileta nani, si wewe.